Mfuko Mpya Wenye Kiraka

3 Agosti

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, isipokuwa goti la mama yako, na hilo goti ni la kujitakia. Nilimwambia asipande kwenye kiti kibovu kufuata boksi la uzi, akapanda. Sasa anakata turubai amekaa, mguu juu ya ndoo, kama malkia, na anatuagiza maji. Fundi Konokono yupo, na bado ni Konokono. Mjomba wako amepata mtoto mwingine wa kike na wote wanasema amefanana nami. Maskini mtoto.

Wewe sijui kama u mzima, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti. Mkifika chuo mnafundishwa kuandika kidogo? Sisi tulioishia darasa la pili tunajaza karatasi pande zote mbili.

Haya, lililonikalisha chini na kalamu ni hili.

Yule tajiri wa duka la jumla, ambaye tumbo lake hufika kabla yake, alikuja hapa karakana. Akavuta mikanda ya mifuko yetu ya shule, akapekua mishono kwa kucha, hakuona pa kusema. Akasema atachukua mifuko yote tutakayoshona, auze shule zitakapofunguliwa Januari. Nikamwambia karibu. Kisha akaugeuza mfuko mbele na nyuma.

"Nembo yake iko wapi, bibi?"

"Nembo ya nini? Mfuko ukishika vitabu si umeshika?"

Akacheka, tumbo likacheka baadaye. "Mfuko usio na nembo ni yatima. Basi nitaushonea ya kwangu, kichwa cha simba. Watu wajue umetoka kwangu."

Mjukuu wangu, nashona mifuko tangu mama yako anatambaa chini ya meza hii akila vipande vya uzi. Leo mtu aje amkalishe simba wake juu ya kazi yangu? Nikamwambia nembo ipo, iko kwa mchoraji. Akasema aione kabla Novemba haijaisha. La sivyo, simba.

Mchoraji ni wewe. Si ndicho ulichokwenda kusomea, na sasa uko ofisi ya wachapaji? Nichoree. Jina ni MSUMARI, maana ndivyo mtaa mzima unavyoniita ukidhani sisikii. Herufi kubwa, nyeusi, zilizonyooka. Usiniletee maua.

Mimi bibi yako, ambaye bado hajavaa miwani.


24 Agosti

Bibi, shikamoo.

Mimi mzima. Chumba nimehama, sasa nakaa juu ya fundi wa redio, kwa hiyo taarifa ya habari naisikia mara kumi kwa siku ikianza na kukatika. Mwambie mama aweke goti juu zaidi ya ndoo. Na huyo mtoto aliyefanana nawe, mumwangalie, asije akaanza kugomba kabla hajaota meno.

Bibi, nembo si kuandika jina tu. Kwanza mtu anachagua namna yake, ndipo anachora. Nimekuchorea namna tano uone. Karatasi ya kwanza ni herufi tupu, kama ulivyotaka. Nyingine ni picha tupu, msumari umesimama. Kuna yenye M peke yake ndani ya duara, kama kifuniko cha chupa. Kuna ule mshono wako wa sanduku unaoshikilia mkanda, mraba wenye mistari miwili iliyokatana ndani. Huo naupenda kwa sababu ni kazi yako yenyewe. Na ya mwisho, usikasirike, ni uso wako.

Ukiniuliza mimi, achana na herufi tupu. Ni kama mtu aliyekwenda harusini na nguo za kazi. Halafu wanunuzi wako wengi ni watu wa kawaida, wengine hawasomi. Picha inasomwa na kila mtu. Ningechagua uso.

Mjukuu wako.


19 Septemba

Mjukuu wangu mwenye maneno,

Tumeshukuru kwa salamu. Goti sasa liko juu ya kiti, kwa amri yako, na hicho kiti ndicho nilichokuwa nakalia mimi. Konokono aliumwa meno wiki nzima, akashona kimya. Tungejua tungemng'oa zamani. Mvua imevuja juu ya meza ya kukatia, tumeweka beseni.

Uso wangu umefika ndani ya bahasha. Nilimwonyesha mama yako, akacheka mpaka goti likamuuma, nami nikafurahi kwamba liliuma. Kwa nini umenichora kama nimeshazikwa? Picha ya mtu huwekwa hivyo akiwa hayupo. Mimi nipo, na nakula.

Msumari hapana. Nani atambebesha mwanawe msumari mgongoni? Jina ni jina, lakini ukilichora linachoma. Hiyo M ya kifuniko cha soda, M ya nani? Mama, maji, mbuzi, wote wana M. Na mshono wa sanduku usinichezee. Kila fundi anaujua. Konokono alikuja nao hapa, hakufundishwa na mimi. Siwezi kusimama mbele ya watu nikaita changu kitu kisicho changu. Tena kazi ya mshono ni kushika mkanda, si kutazamwa.

Sasa hilo la kusoma, maana limenikaa kooni tangu nifungue bahasha.

Wanunuzi wangu hawasomi. Nani amekwambia? Mimi nilitolewa shule herufi hazijaisha. Zilizobaki nilizipata kwenye gunia. Mama yangu alikuwa akibeba gunia mgongoni, nami nyuma yake, na njia nzima hakuna cha kutazama ila hilo gunia. Limeandikwa SUKARI. Kwenda nasema SU, kurudi nasema KA. Juu yake kulikuwa na picha ya muwa, nzuri kabisa, ina majani na kila kitu. Haikunifundisha chochote. Muwa nilikuwa naujua.

Watoto wakienda shule wanafuatana. Atakayekuwa nyuma ya mfuko wangu, nataka akute kitu cha kusoma. Umesikia? Herufi. Zote. Na kama hizo ni nguo za kazi, basi mfuko unakwenda kazini, hauendi harusini.

Halafu nina swali. Tajiri aliniuliza huyo mchoraji wangu ameshachora nembo zipi, nikabaki nimeshika mkasi mdomo wazi. Taja moja, nikiiona dukani niseme hiyo ya kwetu.

Bibi yako, anayesoma.


14 Oktoba

Bibi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya mto, nikaisoma tena. Umenipiga kisawasawa. Herufi zitakuwa herufi.

Lakini herufi nazo zina tabia. Nyembamba zikishonwa kwenye turubai zinazama, zenye mikia zinanasa. Kwa hiyo nimezichora nene, zimesimama kwa miguu yao, hakuna anayemwegemea mwenzake. Utaziona kwenye karatasi hii. Sijamaliza, Bibi. S bado ni nyembamba kuliko ndugu zake na R mguu wake haujanipendeza. Hiyo mishale na maneno madogo pembeni ni ya mimi na wewe kujadiliana tu. Usimpe fundi kwanza. Niambie unaonaje, nami nitakuletea safi.

Ofisini kazi ni nyingi sana. Leo naandika haraka.

Mpe mama pole ya goti, na Konokono pole ya meno.

Mjukuu wako.


5 Novemba

Mjukuu,

Wazima. Goti zima. Beseni limejaa.

Nitalisema mara moja, nawe usinitake nilirudie. Karatasi yako ilipofika nilikuwa natoka kwenda kumwangalia mtoto wa mjomba wako, aliyekuwa na homa. Uliandika nisimpe fundi. Niliona. Lakini mwisho wa Novemba unakuja mbio na wewe barua zako zinakuja kwa kutambaa, ningekaa nikutazame? Nikampa Konokono. Na kwa kuwa namjua, ukimwambia shona mstari anaongeza ua, nikamwambia hivi: "Shona kama ilivyo kwenye karatasi. Usiongeze, usipunguze, usifikiri."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake akanisikiliza. Na kwa mara ya kwanza akaenda mbio.

Niliporudi baada ya siku tano, nusu ya mifuko imeshashonwa. Imeandikwa MSUMARI, safi, na juu ya S kuna mshale, na kwenye mshale kumeandikwa kwa uzi mweusi NENE ZAIDI. Chini ya R kuna mshale mwingine: MGUU HUU VIPI? Mpaka alama ya kuuliza ameishona, na kitone chake, kizuri kama shanga.

Nilimuuliza, "Konokono, wewe ulidhani nini hiki?"

Akasema, "Nilidhani ni mambo ya chuo, mama. Uliniambia nisifikiri."

Mama yako alitoka nje kwa goti lake. Nilimsikia akicheka nyuma ya mlango.

Basi hapohapo, kama ameitwa, tajiri akaingia. Akachukua mfuko mmoja, akasoma polepole. "Msumari, nene zaidi, mguu huu vipi? Bibi, hii ni nembo au mnamsema mke wangu?" Akacheka mpaka akakaa. Kisha akatoa kwenye begi lake bunda la vitambaa vya simba, akaliweka juu ya meza ya kukatia. "Msijisumbue. Shoneni hivi. Nitapita mwisho wa mwezi."

Tulifumua mfuko mmoja kujaribu. Uzi unatoka, lakini turubai si kitambaa cha shati. Sindano ikipita imepita. Matundu yamebaki, na mtu mwenye macho anasoma mguu huu vipi bila uzi wowote.

Kosa ni la mishale. Anayechora kitu ambacho hakitakiwi kushonwa, akichore kwingine.

Wale simba bado wako mezani. Sijawagusa. Usinijibu kwa pole, nijibu kwa mchoro. Na lile swali langu la nembo ulizochora umeliruka kama dimbwi. Nina macho.

Bibi.


11 Novemba

Bibi, shikamoo.

Mtoto homa imeshuka? Hukusema.

Nakujibu uliloniuliza, kisha tuendelee na kazi. Sijachora nembo yoyote. Hapa ofisini naingiza karatasi kwenye mashine na kukata kingo. Wanaochora wanakaa chumba cha mbele chenye feni. Nilimpelekea bosi michoro yangu mara mbili. Ya kwanza hakuifungua. Ya pili alisema herufi zangu ni nene, zinafanana na wanawake wa sokoni. Basi ukinituma nichore, mimi hukaa baada ya kazi kwenye meza ya kukatia, nachora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeshawaambia watu mjukuu wako ni mchoraji, nami nilitaka iwe kweli kabla hujajua si kweli.

Sasa kazi. Matundu hayafutiki, Bibi, kwa hiyo yafunikwe. Kata kitambaa kizito cha rangi nyingine, kipana cha kutosha kuificha mishale yote miwili. Jina lishonwe kwenye kitambaa kwanza, mezani, ndipo kitambaa kishonwe kwenye mfuko. Najua hicho kinaitwaje. Kinaitwa kiraka, na najua unavyokichukia. Lakini hakuna namna nyingine ila simba.

Nimekunja kingo ziwe na pembe butu, zisiinuke. S nimeinenepesha. R nimempa mguu. Na hiyo I nimeiwekea kichwa na ncha, kidogo tu, ifanane na msumari. Ukiona haifai iache. Mchoro huu hauna mshale hata mmoja. Maelekezo yapo kwenye karatasi nyingine, ya rangi nyekundu, na hiyo msomee Konokono kwa mdomo, kisha uichane.

Hii ndiyo nembo yangu ya kwanza. Nimesema.

Mjukuu wako.


27 Novemba

Mjukuu wangu,

Mtoto mzima, ananyonya kama anadai. Mama yako anatembea, na ameanza tena kuvitazama viti virefu. Wote wanakusalimu.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

La bosi wako nitasema neno moja. Wanawake wa sokoni ndio wanaonunua mifuko. Basi.

La kiraka nilikaa nalo siku kadhaa. Wewe hukuvaa viraka. Mimi gauni langu la shule lilikuwa na kiraka matakoni, rangi yake haikulingana, na walionitania ningeweza kukutajia mmoja mmoja, na wawili kati yao nimewazika. Nilijiapiza kuwa kutoka mkononi mwangu haitatoka nguo wala mfuko wenye kiraka. Mtu akinunua kipya apate kipya. Nikawatazama simba wale mezani. Wameshonwa kwa mashine, wanang'aa, hawana tundu. Mama yako akasema, "Mama, tushone hao, tulale." Nikamwambia akalale yeye.

Asubuhi nikakata kiraka cha kwanza mwenyewe. Turubai la bluu kwenye mfuko wa kahawia. Nikamsomea Konokono ile karatasi nyekundu, nikaichana mbele yake, akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kufikiri. Nikamwambia kidogo.

I yako yenye kichwa nimeikata kichwa. Nilishakwambia kuhusu misumari. Hayo mengine sikugusa, hata uzi mmoja.

Tulipomaliza mifuko yenye matundu, Konokono akauliza ile isiyo na matundu tuishoneeje, jina moja kwa moja? Nikamwambia hapana, na yenyewe kiraka. Mama yako akaruka. "Mama, hiyo haijatoboka!" Nikamwambia: kama kiraka ni aibu, kila mfuko uibebe aibu hiyo. Kama ni heshima, hakuna utakaonyimwa. Lakini hautatoka hapa mfuko mmoja wa kuonewa huruma na mwingine wa kusifiwa. Yote imebeba.

Jana tajiri akaja. Akatazama. Akajaribu kuinua ukingo wa kiraka kwa kucha, haukuinuka. Akasema, "Mfuko mpya una kiraka?"

"Unacho."

"Watu watadhani ni mitumba."

"Watu wanajua kusoma."

Akasema atachukua nusu ajaribu, nusu nyingine tumshonee simba juu ya kiraka. Nikachukua bunda lake la simba, nikamwekea mikononi. Nikamwambia yote, au hata mmoja asichukue. Akanitazama, akamtazama mama yako, akidhani huko atapata msaada. Mama yako, namsifu, akaendelea kukata kwa mkasi, na nilijua mbele yake hapakuwa na turubai.

Akaondoka. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Gari lake lilikuwa tupu lilipokuja na tupu lilipoondoka. Mifuko imejaa mpaka dirishani, cherehani mbili hatuzifikii.

Sijutii. Nimekuandikia ili ujue ilivyo, si ili unipe moyo. Kiraka kimoja nimekiweka humu. Ni chako.

Bibi.


10 Desemba

Bibi, shikamoo, na shikamoo ya pili kwa mama kwa kukata hewa.

Amerudi?

Kiraka nimekibandika ukutani juu ya mashine yangu. Bosi alipita akakiona, akauliza kimechorwa na ofisi gani. Nikasema yangu. Akakigusa, akaenda zake. Mchana akapita tena, hakuwa na sababu ya kupita huku.

Umefanya vizuri kuikata ile I. Nimeiona sasa. Ilikuwa inajionyesha.

Niandikie akirudi. Asiporudi, niandikie pia.

Mjukuu wako.


12 Januari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu. Sitakuuliza hali, maana ungekuwa mgonjwa ungesema, na ukiwa mzima huna la kujisifia. Mama yako alipanda kiti kingine. Hakuanguka, lakini nimemnunia vilevile. Paa limezibwa. Konokono amepewa cherehani ya dirishani na sasa anataka tumwite fundi mkuu. Tunamwita Konokono Mkuu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, na mimi siandiki barua za kusema sijui.

Desemba yote hakuja. Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa tulikuwa tumeshapanga tuitoe mifuko nje, tuuze sisi wenyewe mlangoni, mama yako ameshatandika na turubai. Ndipo gari likaja. Yeye mwenyewe ndani. Nilisikia alijaribu karakana nyingine, sijui kilichomrudisha na sikumuuliza. Mtu akirudi humuulizi alikokuwa. Akasema, "Bibi, nipe yote." Nikamwambia na viraka? Akasema na viraka. Tukapakia. Mfuko wa mwisho aliushika mkononi, hakuutia garini, akautazama muda.

Jana amekuja tena. Mifuko imekwisha dukani, anataka mingine, ya bluu yenye kiraka cha kahawia. Lakini hilo halikuwa lililomleta, maana alizunguka meza, akasifu paa, akamuuliza mama yako habari za goti. Mwishowe akakohoa. Anasema simba wake amechoka, watoto wanamwita paka. Anataka jina la duka lake lichorwe upya, kwa herufi, zisimame kama zile. Akauliza, "Huyo mchoraji wako anapatikana wapi?"

Sasa nisikilize vizuri, na usinitie aibu.

Nimemwambia mchoraji ana kazi nyingi sana. Nimemwambia wanamngojea watu wenye maduka makubwa kuliko lake, na kwamba hapokei mtu hivihivi, mtu huandika barua, tena kwa adabu, na kusema anachotaka na asichotaka. Nimemwambia nitamwombea, lakini siahidi. Alitoa kitambaa akajifuta uso. Anuani yako nimempa nimeiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Atakuandikia wiki hii. Ukimjibu siku hiyohiyo nitakukana. Mwache asubiri.

Bibi yako.